Jina la Kumi na Moja

Wapendwa, najua wengi wenu hapa ni watu wa mpira wa miguu. Leo nitawapeleka kwenye kriketi kidogo. Msiogope, hamtahitaji kujua mengi. Jueni tu kwamba mpigaji husimama na gongo lake, mpira ukarushwa, akaupiga, akakimbia kuhesabiwa mbio, ndizo alama zake. Nyuma yake yuko mdakaji. Mpira ukiligusa gongo, hata kidogo tu, na mdakaji akaudaka kabla haujafika chini, mpigaji ametoka. Basi. Sasa mnaijua kriketi kuliko mimi nilivyoijua mwaka jana.

Walikuwapo watu watatu waliopewa kazi ya kuchagua wachezaji kumi na mmoja bora wa mwaka kutoka timu za taifa za nchi tatu jirani. Haikuwa heshima ya makaratasi tu. Hao kumi na mmoja wangeunda timu moja na kupanda ndege kwenda kucheza na wakubwa wa dunia. Kuna kijana asiyeitaka safari hiyo?

Mwenyekiti alikuwa kocha mstaafu, watu wote wakimwita Mwalimu. Wa pili alikuwa mtangazaji wa redio. Wa tatu alikuwa dada mmoja, nahodha wa zamani wa timu ya wanawake ya nchi jirani. Wakaketi asubuhi, wakaletewa chai na maandazi, na kufikia saa sita mchana walikuwa na majina kumi bila ugomvi wowote.

Jina la kumi na moja ndilo lililowashinda.

Walibaki wapigaji wawili, wote wa nchi ya Mwalimu, wote wa timu moja. Mmoja aliitwa Zablon, mwingine Lusekelo. Wastani wa Lusekelo kwa mwaka ulikuwa mbio arobaini na moja kila anapoingia. Wa Zablon, thelathini na nane. Karatasi ilikuwa imeshasema. Lakini Zablon alikuwa na kisa chake.

Katika fainali ya mwezi wa saba, timu yao ilikuwa inahitaji mbio kumi na tisa tu ichukue kombe. Wapigaji huingia wawili wawili: Zablon alikuwa upande mmoja wa uwanja, Lusekelo upande wa pili. Mpira ukaja, ukapita karibu na gongo la Zablon, mdakaji akaudaka. Wapinzani wakapiga kelele wakidai ametoka. Mwamuzi akatikisa kichwa: hajagusa, aendelee. Zablon akaliweka gongo kwapani, akaondoka uwanjani mwenyewe. Mpira ulikuwa umegusa. Kidogo, kama unavyogusa pazia ukipita mlangoni, lakini umegusa.

Walishindwa kwa mbio nne.

Mnadhani watu walimshangilia? Kinyozi wake alimnyoa nusu kichwa, akasimamisha mashine na kumwambia, "Kwanza nieleze ulikuwa unafikiria nini." Mama mkwe wake aliacha kupokea simu zake kwa wiki mbili. Na Mwalimu, aliyekuwa bado kocha wao wakati huo, kombe alilolisubiri miaka kumi na minne likavuka mpaka.

Sasa yule dada akasema, "Mimi naona tumchukue Zablon."

Mwalimu akamtazama. "Wewe lazima umpende, dada yangu. Kombe liko kwenye kabati lenu."

"Liko, Mwalimu, sikatai. Lakini tangu siku ile wasichana ninaowafundisha wakigusa mpira wanatoka wenyewe, hata mwamuzi asipoona. Nimepoteza mechi mbili mwaka huu kwa sababu ya huyo Zablon wenu. Na sijawahi kufundisha timu inayonifurahisha kama hii."

Mtangazaji akacheka mpaka chai ikamwagika. Lakini Mwalimu hakucheka. "Uaminifu ni mzuri," akasema, "ila hauandikwi kwenye ubao wa mbio." Wakapiga kura. Wawili kwa mmoja, Lusekelo akapita.

Mwalimu akampigia simu palepale, akaiweka mezani ili wote wasikie.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nina habari njema. Umo katika kumi na mmoja wa mwaka. Tayarisha pasi ya kusafiria."

Walitegemea vigelegele. Mtangazaji akaisogelea simu akidhani imekatika. Kisha wakamsikia Lusekelo akivuta pumzi.

"Mwalimu, ahsanteni sana. Naomba mliondoe jina langu."

"Unaumwa?"

"Hapana. Unaikumbuka ile mechi ya mwezi wa tisa, niliyopata mbio sabini na nne? Kwa haki nilikuwa nimetoka nikiwa na mbio tatu tu. Mpira uligusa gongo, mdakaji akaudaka. Mwamuzi hakuona, nikabaki. Hizo sabini na moja zilizofuata si zangu. Zitoe, halafu piga hesabu upya."

Mwalimu akachukua kalamu. Akapiga hesabu mara moja, akairudia. Lusekelo alikuwa ameshuka chini ya Zablon.

"Lakini kwa nini unaniambia?" akauliza. Sauti yake haikuwa ya kocha tena. "Mwamuzi hakuona. Mimi sikuona. Hata wale wapinzani wameshasahau."

"Ndiyo, Mwalimu. Wote wamesahau, nimebaki naijua mimi peke yangu. Imenichosha." Akaendelea, "Siku ile ya fainali nilikuwa upande wa pili. Nilimwambia Zablon, 'Kaa, kaka, mwamuzi amekataa.' Akaniambia, 'Yeye hajasikia. Mimi nimesikia.' Nilimkasirikia sana. Nilipofikiwa na zamu yangu, nikakaa. Na tangu nikae, sijapata raha."

Mwalimu akavua miwani, akajifuta macho, na hapo ndipo kicheko kilipomtoka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akakata jina moja, akaandika lingine. Mkono wake mwenyewe, mkono wa mtu aliyepoteza kombe, ndio ulioliandika jina la Zablon.

Siku ya sherehe Lusekelo alikuja na mkewe, wakakaa meza ya nyuma. Jina la Zablon liliposomwa, mtu wa kwanza kusimama ukumbini alikuwa yeye. Alipiga makofi hadi mkewe akamvuta shati. Mwandishi wa habari akamfuata na kumuuliza anajisikiaje kuikosa timu ya mwaka kwa nafasi moja. Lusekelo akamjibu huku anatafuna, "Kaka, onja hii pilau. Mimi tangu mwezi wa tisa nilikuwa nakula tu, sionji."

Sasa niulizeni: katika ukumbi ule, aliyefurahi zaidi ni nani? Ni yule aliyepanda jukwaani kuvikwa kofia ya timu?

Wapendwa, nilipoanza mlidhani nitawaambia muwe kama Zablon. Na ni vizuri kuwa kama Zablon. Lakini hebu tutazamane. Ni wangapi kati yetu ni Zablon? Wengi wetu mpira ulishagusa zamani. Tuligusa, tukatazama huku na huku, hakuna aliyeona, tukabaki uwanjani. Tumeendelea kuhesabiwa mbio. Tumepigiwa makofi kazini, tumesifiwa ukweni, tumepewa viti vya mbele humuhumu kanisani. Na chakula hakina ladha.

Mfano huu ni wetu sisi, tuliobaki uwanjani. Habari njema ya leo si kwamba Mungu huwachagua wale ambao hawajawahi kugusa mpira. Kama ingekuwa hivyo, mimi nisingesimama hapa. Habari njema ni kwamba aliyekaa miezi miwili na jambo lake anaweza kulisema mchana mmoja, kwa maneno machache, na jioni akala akashiba. Anachopoteza ni nafasi moja. Anachorudishiwa ni nafsi yake.

Kwaya, karibuni mtuimbie, na muimbe kwa furaha. Mimi natangulia mlangoni. Mwenye jambo analolijua peke yake na apitie kwangu. Sitamuuliza amepata mbio ngapi.