Kiporo cha Wakwe

Wapendwa, kabla hatujaomba, ingieni nami kwenye nyumba moja ambayo siku ile ilikuwa inang'aa. Uwanja umefagiwa, viti vimeazimwa kwa majirani, vitambaa vya kufuma vimetandikwa mpaka juu ya redio. Ndani kulikuwa na binti mmoja aliyelelewa na shangazi yake baada ya wazazi wake kufariki, na siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kutoa posa.

Shangazi alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Alisema wali na nyama kila nyumba inapika, na yeye hakumlea binti wa kila nyumba. Basi akaagiza piza kutoka mjini. Zikaja juu ya bodaboda, maboksi yamefungwa kwa mpira, na mtaa mzima ukatoka kuangalia. Wengine walikuwa hawajawahi kuona piza isipokuwa kwenye simu. Watoto wakayazunguka maboksi wakinusa kama paka.

Wakasubiri. Mchana ukapita. Mawingu yakajikusanya, mvua ikashuka, ile mvua ambayo mtu akiongea humsikii. Shangazi akapiga simu ya mshenga, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Jioni ikaingia na viti vya watu bado vimepangwa sebuleni, vitupu.

Nawauliza, mmewahi kumsubiri mtu huku watu wanawaangalia? Kusubiri peke yako kunachosha tu. Kusubiri huku jirani anachungulia dirishani kunakuvua nguo.

Maneno yakaanza. Mmoja akasema kijana atakuwa amepata mwingine, siku hizi ndivyo walivyo. Mwingine akasema mvua imekuwa kisingizio, mtu anayetaka mke haogopi maji. Binti aliyasikia yote akiwa jikoni. Hakulia, lakini alikuwa anasugua sufuria moja ambayo ilikwisha kutakata zamani. Alimjua yule kijana. Alijua kwamba hajawahi kumwambia neno asilolitimiza. Kwake yeye swali lilikuwa moja tu: je, ataendelea kumwamini, au atakubali mtaa umwambie kwamba ameachwa?

Aibu ya shangazi ikageuka hasira. Akasema maboksi yafunguliwe, watoto wale, hawa watu hawaji. Watoto wakavamia, jibini ikawa inavutika kutoka mkononi hadi mdomoni, vicheko nyumba nzima. Binti akalichukua boksi la mwisho akalikumbatia.

"Shangazi, hili niachie."

"Unamwekea nani?"

"Wageni."

"Wageni gani, mwanangu? Wageni wamekuachia viti."

"Wamechelewa, shangazi. Hawajasema hawaji."

Shangazi akamtazama kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko tusi. Kisha akamkumbusha jambo ambalo hata sisi hapa tunalijua. Hata kama watakuja, mkwe hapewi kiporo. Kiporo ni cha wenye nyumba, unakinywea chai asubuhi na kanga yako ya kulalia, na hakuna anayekuona. Ukimwekea mkwe chakula cha jana, umemwambia kwamba yeye ni wa mabaki. Pale mtaani walikuwa wanaijua posa iliyovunjika kwa sababu ya wali uliolala.

Binti akaitikia, ndiyo shangazi, lakini boksi hakuliachia.

Sasa angalieni alivyokitunza chakula kile. Hakukiacha ndani ya boksi, kwa maana boksi hunyonya mafuta, na mkate huamka mgumu kama kandambili. Aliviacha vipande vikapoa kwanza, kwa sababu ukifunika chakula cha moto kinatoka jasho na kinachacha. Kisha akavipanga kwenye bakuli lenye mfuniko, akiweka karatasi safi kati ya kipande na kipande ili visigandane, akaenda nalo kwa jirani anayeuza barafu kumwomba nafasi kwenye friji.

Jirani akacheka mpaka akashika mlango. "Wakwe unaniletea niwaweke kwenye friji. Na bwana harusi akija nimlaze wapi, juu ya barafu?"

Binti naye akacheka, maana ilikuwa inachekesha kweli. Akasema, "Akija nitalifuata bakuli langu, mama. Wewe usilisogeze tu." Akarudi nyumbani, akavipanga upya vile viti, akalala.

Asubuhi, shangazi alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango. Akasikia hodi. Pale nje walikuwa wamesimama mshenga, ambaye ni mzee wa mvi, na wenzake wawili, matope mpaka magotini, viatu mkononi. Mto ulikuwa umevunja daraja na simu ililowa. Walilala wamekaa kwenye kibaraza cha duka ng'ambo ya mto, na maji yalipopungua wakavuka kwa miguu wameshikana mikono. Tangu jana mchana hawajatia kitu mdomoni.

Shangazi akawakaribisha, kisha akakimbilia jikoni na mikono kichwani. Nyumba haikuwa na kitu. Mkaa wa nje ulikuwa umelowa, soko lilikuwa halijafunguliwa, na jogoo aliyefaa kuchinjwa alikuwa juu ya paa la jirani na hakuwa na mpango wa kushuka. Alipogeuka hakumwona binti. Binti alikuwa kwa muuza barafu, anachukua bakuli lake.

Jirani akamwambia apashe kwenye maikrowevu yake, dakika haifiki. Binti akamshukuru, akasema hapana, ile italainisha mkate uwe kama sponji. Akarudi nyumbani, akachukua kikaango kizito cha chapati, akakiweka juu ya mkaa mchache uliobaki ndani. Hakutia mafuta, kwa kuwa piza ina mafuta yake. Akapanga vipande, akanyunyiza matone ya maji pembeni ya kikaango, akafunika. Mvuke ukabaki juu unayeyusha jibini, na chuma kikawa chini kinakausha mkate. Shangazi akaja na upepeo, anataka kuchochea. Binti akamshika mkono taratibu. Moto mkali, alisema, utaunguza chini na juu pabaki baridi.

Basi harufu ikatoka. Nyanya, jibini, kitunguu. Ikaenda yenyewe sebuleni kuwasalimia wageni.

Kabla sinia halijatoka, shangazi akamvuta sikio. Wakiuliza, aseme imeokwa leo. Asijaribu hata kidogo kulitaja neno lile.

Wageni wakala. Mkate ukawa unalia kwenye meno, jibini inavutika kama jana. Hakuna aliyezungumza, na mnajua nyumba yenye wageni ikinyamaza hivyo maana yake nini. Mshenga alipofika kipande cha pili akapumua, akamgeukia binti.

"Mwanangu, daraja limekwenda na barabara ya mjini haipitiki. Chakula hiki mmekipata wapi asubuhi hii?"

Shangazi akamkanyaga binti mguu chini ya meza. Nawauliza, wapendwa, ningemweka yeyote kati yetu pale, angesema nini? Mkwe amefika, ameridhika, anasifia. Uongo mdogo tu, na posa inapita.

Binti akapiga goti. "Babu, ni kiporo. Kilikuwa chenu cha jana. Nimewapashia."

Mshenga akakirudisha kipande kwenye sahani. Wenzake nao wakarudisha vyao. Shangazi akafumba macho. Jirani wa barafu, ambaye tangu sinia lilipotoka alikuwa amesimama kwenye uzio akijifanya anaanika nguo, akaacha kuanika.

Mzee akawatazama wenzake.

"Mmesikia? Njia nzima mmekuwa mkiniambia turudi. Mkasema tumewaaibisha watu, mlango tutaukuta umefungwa, nafasi yetu wameshampa mwingine. Nami niliwaamini, nikawa natembea tu kwa sababu nilitumwa." Akalishika sinia kwa mikono miwili. "Angetupikia leo, ningejua ametuona tumefika. Hiki alituwekea jana, wakati sisi wenyewe tulikuwa tumeshakata tamaa."

Akachukua kile kipande, akala mpaka ukoko wa pembeni, ule ambao wengi huuacha. Akajifuta midomo na kusema, "Mama, tumekuja kuomba mke katika nyumba hii. Na kama kimebaki kingine, niongezee."

Hakikubaki. Lakini vigelegele vilianzia kwenye uzio, vikaingia jikoni, vikatoka kwa mlango wa mbele. Shangazi yule aliyekataza neno kiporo alikuwa wa kwanza kulitangaza mtaani. Kiporo cha wakwe, alisema, anajiringisha, mnakijua nyie? Na binti akasimama katikati ya kelele zile, mikono ina harufu ya mkaa, anacheka na machozi yanamtoka.

Ndugu zangu, tuseme ukweli. Sisi tunamjia Mungu kama wale wageni. Tumechelewa. Tuna matope. Mwingine hapa aliacha kusali, ukapita mwaka, ukapita mwingine, na sasa anaona haya hata kukaa kiti cha mbele. Mwingine aliacha jambo jema katikati, masomo, ndoa, wito wake, na watu wamekwisha kusema mtaani kwamba habari yake imeisha. Na shetani anatembea naye njia nzima akimwambia: rudi, mlango umefungwa, sehemu yako wameshapewa wengine.

Ni uongo. Sehemu yako ipo. Siku ile ulipokata tamaa juu ya nafsi yako, Mungu hakukata. Alikuwekea. Na hakupi kiporo chako kikiwa baridi na kigumu ukitafune kwa uchungu ili ujifunze. Anakupashia, taratibu, mpaka ndani.

Nasi tunaokaa ndani ya nyumba, tunafanya nini? Mara ngapi tumefungua boksi la mtu kwa sababu amechelewa? Kaka aliyepotelea kwenye pombe, tumeacha kumtaja katika maombi. Binti aliyerudi nyumbani na mimba, nafasi yake kwenye kwaya tumempa mwingine kabla hajajifungua. Hawakusema hawaji. Sisi ndio tuliosema kwa niaba yao.

Mtunzieni mtu sehemu yake, hata mtaa ukicheka. Na wewe uliyesimama nje asubuhi hii na viatu mkononi, unafikiria kugeuza: bisha. Jina lako linajulikana humu ndani, na hakuna aliyekikalia kiti chako. Ingia ule.