Mtoto Aliyekula Uji wa Mtama Tu

Paukwa!
— Pakawa!
Nimekuja na mzigo, nani atanipokea?
— Tua, tumekaa!
Mzigo wenyewe ni mzito.
— Tua, tutasaidiana!

Haya. Hapo kale aliondokea mwanamke mmoja akiitwa Siwema. Mumewe alifariki mimba ikingali changa. Mtoto akazaliwa siku ya mvua kubwa, wa kike, wakamwita Mwamvua. Ndiye huyo huyo mmoja. Ndiye macho ya mama yake.

Mwamvua alipoachishwa ziwa, likazuka jambo. Hali! Hali ugali, hali maharage, hali hata embe bivu. Alikunywa uji wa mtama tu. Tena mtupu! Bila chumvi, bila asali, bila maziwa.

Siwema akapika wali wa nazi, harufu ikajaa mtaa mzima. Mtoto akafumba mdomo, machozi yakamlenga, akaimba:

Mama, mama, usinikasirikie,
Si mimi ninayekataa,
Mdomo ndio umekataa.

Akapika kuku wa kienyeji, mchuzi mzito. Mtoto akafumba mdomo, akaimba:

Mama, mama, usinikasirikie,
Si mimi ninayekataa,
Mdomo ndio umekataa.

Akapika ndizi, akaziponda, akampepelea zikapoa. Mtoto akaimba vile vile.

Nyie mnaocheka pale nyuma, msicheke. Mwadhani ni kiburi? Siku moja Mwamvua mwenyewe aliokota punje ya wali, akaiweka ulimini, akijaribu. Mwili mzima ukamtetemeka. Akatapika mpaka nyongo. Siwema aliliona hilo kwa macho yake. Lakini aliona peke yake, na wasioona ndio wenye maneno.

Kisimani walisema. Shambani walisema. Msibani, hata maiti hajazikwa, walisema.

Akaja wifi yake, Mosi, dada wa marehemu.

"Wifi, huyu mtoto unamdekeza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtie njaa, atakula hata mawe!"

"Nilimtia njaa, wifi. Alilala kimya kama kifaranga mgonjwa. Hakuomba kitu."

"Basi una huruma ya kuponza. Tazama miguu yake, vijiti vya kuchokolea moto! Kaka yangu kafa, hili ndilo tunda lake. Likifa nalo, watu watasema nini? Watasema umemla mwenyewe."

Neno hilo lilimwingia Siwema kama mwiba wa mchongoma. Mosi akaona, akapunguza sauti.

"Sikia. Mtoto hukataa anachokiona. Asichokiona atakikataaje? Twanga dagaa wawe vumbi, utie kwenye uji wake. Atapata nguvu, wala hatajua."

Siwema akawatwanga dagaa. Akachekecha. Akatwanga tena, akachekecha tena, mpaka unga wao ukawa laini kama poda. Akautia kwenye uji, akakoroga. Rangi haikubadilika. Akamwita mtoto.

"Mama, ni uji wangu?"

"Uji wako, mwanangu."

"Mtupu?"

Siwema akaukoroga tena.

"Mtupu."

Mwamvua akapiga funda moja. Akasita. Jamani, hakulia. Hakuimba. Alimtazama mama yake, akauacha uji umtoke mdomoni taratibu, akaiweka kata chini, akatoka nje.

Kesho yake Siwema akapika uji mtupu kweli kweli.

"Kunywa mwanangu. Huu ni mtupu, naapa."

"Hata jana ulisema."

Akapika mbele ya macho yake. Hakunywa. Akaonja yeye kwanza. Hakunywa. Akampigia magoti, mama mzima, akampigia magoti mtoto. Hakunywa. Kuku ndio waliokula uji ule, wakanenepa, na Mwamvua akawa hawezi kusimama.

Mosi akaja kumtazama. Alipomwona akajipiga mapaja. "Wifi yangu, nimekuponza!" Akaketi chini akalia. Siwema hakumlaumu. Wa kumlaumu alikuwa anamjua. Ulimi uliosema "mtupu" haukuwa wa Mosi.

Asubuhi moja Siwema akaburuta jiwe la kusagia mpaka uani. Akaweka mtama, punje nzima nzima. Akaweka maji, chungu, kuni na kaa la moto. Kisha akarudi nyuma, akaketi barazani, akaikalia mikono yake.

"Mwanangu, siugusi. Fanya mwenyewe."

Mwamvua akajikokota mpaka jiweni. Akasaga. Mikono midogo, jiwe kubwa. Akaanguka. Siwema akainuka nusu.

"Mama, usije."

Akaketi. Enyi mliolea, mnajua uzito wa kuketi huko? Mtoto akaanguka tena, akainuka tena. Jua likapanda mpaka utosini. Ulipoiva, kama uliiva, ulikuwa uji wa mabonge na mchanga. Mwamvua akaunywa wote.

Akapona. Tena akakua. Mwaka huu akajiongezea muhogo wa kuchoma, mwaka ule akajiongezea kunde, kila kitu kwa kuchagua kwake na kwa mkono wake. Hakumchukia mama yake, la. Alimtekea maji, alimpaka mafuta miguu, akicheka naye. Ila chakula kilichopikwa na Siwema hakikupita tena kinywani mwake. Siwema aliwasikia watoto wa jirani wakiita, "Mama, nipe!" naye hugeuka, akijua si yeye anayeitwa.

Miaka ikaenda. Siwema akazeeka, akalala kitandani. Mwamvua akampikia uji. Akachota kwanza kidogo, akaonja mbele ya macho yake, akafungua mdomo amwonyeshe.

"Mama, ni mtupu. Nimeonja, umeona?"

"Mwanangu, mimi sina haja ya kuonyeshwa. Nipe tu."

"Hapana, mama. Mtu asilishwe asichokijua."

Akaonja tena, akaonyesha tena. Siwema akaunywa ule uji, na machozi yakimtiririka mpaka bakulini. Ukawa wa chumvi. Akaunywa hivyo hivyo, mpaka tone la mwisho.

Mzigo wangu nimeutua. Penye utamu wapelekeeni watoto. Penye uchungu niachieni mwenyewe, nimezoea.