Mkono wa Karafuu

"Mkono wa karafuu haulazi mtoto."

Bi Raya aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwenye kofia aliyokuwa akiishona. Wasichana wanne waliokuja kwake kujifunza wakatazamana. Mmoja wao, Mize, alikuwa ameshona mbiombio tundu za nakshi za safu nzima ili awafikie wenzake, na sasa uzi ulikuwa umejifunga fundo mahali ambapo hata sindano haikutaka kupita.

"Bibi, tunashona kofia," Mize akasema. "Karafuu ziko wapi hapa, na huyo mtoto ni wa nani?"

Wenzake wakacheka. Bi Raya naye alicheka kidogo, akavua miwani na kuifuta kwa pembe ya kanga. Akawaambia kwamba yuko radhi kuwaeleza maneno hayo yalikotoka, ila mikono isikae bure. Mize afumue safu yake taratibu, na wengine waendelee kushona huku wanasikiliza. Walipotulia, akaanza, na mambo yenyewe yalikuwa hivi.

Zamani, mama zenu hawajazaliwa, katika kijiji kimoja cha Pemba alikuwako msichana aitwaye Kazija. Alikuwa mpole, haya zimemjaa, mtu wa kusema maneno mawili pale wenzake wanaposema ishirini. Lakini msimu wa karafuu ulipoingia, kijiji kizima kilimzungumza yeye. Mnajua karafuu inavyochambuliwa: unashika kishada kwa mkono mmoja, unakikandamiza kwenye kiganja cha mkono wa pili, unazungusha, na karafuu zinamwagika huku makonyo, vile vijiti vyake, yakibaki vidoleni. Wanawake wengine walizungusha mara mbili au tatu. Kazija alizungusha mara moja, na kabla kishada cha kwanza hakijatupwa, cha pili kimeshaingia mkononi. Mtu akijaza pishi moja, yeye anamaliza ya pili. Faki alipomuoa, rafiki zake walimtania kwamba hakuoa mke, ameoa mashine.

Mwaka wa pili wa ndoa yao, Kazija alipata mtoto wa kike, wakamwita Salha. Kwa kuwa ndiye wa kwanza, Kazija alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi, akakaa huko siku zote arobaini. Kila siku baada ya alasiri alikuja Bi Mkasi, mkandaji wa kijiji kile, na kibakuli cha mafuta ya uto, yale ya ufuta, yenye uvuguvugu. Alimkanda kwanza mzazi, kisha alimlaza mtoto juu ya miguu yake aliyoinyoosha na kumkanda naye. Magharibi haijaingia, Salha amelala fofofo. Kazija alikuwa kitandani, amefungwa mkaja wa kukaza tumbo, macho nusu yamefumba kwa raha. Aliyaona mafuta. Mkono hakuuona.

Arobaini ilipokwisha, Kazija akarudi kwa mumewe, na msimu wa karafuu nao ukafunguka. Katika nyumba ile waliishi Faki, mama yake aitwaye Bi Hidaya, na dada yake Shumbana. Asubuhi wote walikuwa shambani au uwanjani kwenye majamvi ya kuanikia, na jioni lundo la karafuu mbichi lilimwagwa barazani likisubiri mikono. Kazija hakutaka mkwewe aone kwamba kuzaa kumempunguza. Alasiri alimwosha mtoto, akampaka mafuta, akamsugua huku na huku, akamfunga kanga, kisha akakimbilia fungu lake.

Salha hakulala. Siku ya kwanza walisema ni ugeni wa nyumba. Siku ya tatu walisema ni tumbo. Wiki ikapita, na usiku wa nyumba ile ukawa wa kupokezana: mama anambeba, baba anambeba, shangazi anambeba, na mtoto analia kwa sauti isiyochoka. Jirani mmoja alimwambia Faki asihangaike kununua jogoo, maana Mungu amempa wa kike.

Kicheko hicho kiliisha siku ya Jumanne. Faki alikuwa juu ya mkarafuu mrefu, macho mazito kwa kukosa usingizi, akakanyaga tawi asilolitazama. Tawi la mkarafuu halipindi, hukatika. Faki alining'inia kwa mkono mmoja mpaka wenzake walipomfikia. Alishuka salama, amechubuka kifua tu, akajaribu kulifanyia mzaha jambo hilo wakati wa chakula. Mama yake hakucheka. Bi Hidaya alikuwa na kaka aliyeanguka kwenye mkarafuu akiwa kijana, na mpaka siku hiyo alitembea kwa fimbo.

Baada ya kula alimwita Kazija chumbani, akasema naye kwa upole. Alimwambia hana kosa, na mtoto hana kosa, lakini apandaye mkarafuu bila kulala anapanda kuanguka. Kama hadi Ijumaa mtoto hajapata usingizi, basi baada ya sala Kazija atarudi kwao na mwanawe, akae huko mpaka karafuu ziishe.

Karafuu zingechukua miezi mitatu. Kazija aliitikia, "Ndiyo, Mama," akatoka nje, akasimama nyuma ya jiko akilia kimyakimya. Aliwaza atakavyopita njiani na mzigo kichwani, na watu watakavyouliza mke wa Faki amefanya nini hata arudishwe katikati ya msimu. Zaidi ya hayo, aliwaza kwamba pengine wanasema kweli, kwamba yeye mikono yake inafaa karafuu tu.

Jumatano akageukia mafuta. Uto akauacha, akajaribu mafuta ya nazi. Wifi yake Shumbana, ambaye hakuwa amezaa lakini alikuwa na shauri kwa kila aliyezaa, akamwambia achanganye na samli kidogo. Mtoto akanukia kama pilau ya harusi, lakini hakulala. Shumbana alitaka sasa wajaribu mafuta ya karafuu, na Bi Hidaya akamkemea kwamba hayo ni makali, ni ya magoti ya wazee, na yasimkaribie mjukuu wake.

Ndipo Kazija akaingiwa na wazo. Kumbe Bi Mkasi ana kitu anachokitia katika mafuta yake, na kitu hicho hakumpa. Alhamisi asubuhi akaomba ruhusa, akamfunga Salha mgongoni, akatembea hadi kijijini kwao.

Alimkuta Bi Mkasi akimenya muhogo mlangoni. Akamwamkia, akakaa, akaulizwa habari za mume, za mkwe, za karafuu. Alizijibu zote, jambo lililomleta akaliacha nyuma. Mwishowe aliinama akasema, "Bibi, nimekuja kuomba yale mafuta yako. Yenyewe. Yale yenye dawa."

Bi Mkasi hakubishana naye. Aliingia ndani akatoka na chupa, akampa yote.

"Chukua. Ila mpake hapa nikuone."

Kazija akanyoosha miguu, akamlaza mtoto, akamimina mafuta kiganjani. Akakamata mguu mmoja, akausugua, akauzungusha, akaurusha, akakamata wa pili. Mkono, mkono, tumbo, akampindua, mgongo, basi. Salha akaanza kulia hata kabla ya kufika mgongoni. Kazija alipoinua macho alimwona Bi Mkasi amejishika mbavu, kisu cha muhogo kimemwanguka, anacheka mpaka machozi.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "huyo unamchambua."

"Namchambua?"

"Unamchambua! Mguu huku, makonyo kule. Hebu niambie, umeshajaza pishi ngapi?"

Kazija hakujua acheke au alie. Alifanya vyote viwili. Akaeleza, kwa sauti ndogo, habari ya lundo linalongoja barazani, ya Faki na tawi, na ya Ijumaa, ambayo ilikuwa kesho yake.

Bi Mkasi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamchukua Salha, akampa mke wa mwanawe aliyekuwa jikoni ambembeleze, akamwambia Kazija alete mguu wake yeye. Kazija akaona haya, mtu mzima kumshika mguu, lakini hakuthubutu kukataa. Bi Mkasi akaupaka mafuta, akausugua haraka haraka, akauzungusha kama kishada. Mwili wote wa Kazija ukakakamaa. Baadaye akaacha. Akavitia viganja vyake mafuta tena, akavisuguanisha mpaka vikapata joto, akavituliza juu ya mguu bila kuvisogeza hata kidogo. Alikaa hivyo. Ndipo akavuta kutoka gotini hadi kisiginoni, mvuto mmoja mrefu, na mkono wa pili ukafuata kabla wa kwanza haujatoka.

Bi Mkasi alikusudia kumwuliza ameona tofauti gani. Hakupata wa kumwuliza, maana Kazija alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kikiegemea mlango.

Alipoamka jua limeshapita utosini na muhogo umeiva. Alitaka kuomba radhi, Bi Mkasi akamnyamazisha. Alimwambia kwamba mafuta yale ni uto mtupu wa dukani, hayana dawa, kazi yake ni kuufanya mkono usikwaruze. Akamwonyesha sasa na mtoto: umguse kwanza bila kumkanda ili ajue umefika, uanze miguuni, tumboni uzunguke pole na kiganja kizima, umtazame usoni kila wakati. Akijikunja, umwache apumzike. Akikutazama, uendelee. Na ufanye saa ile ile kila siku, ili mwili wake uzoee kwamba baada ya hapo ni kulala.

"Na nisipoweza, Bibi? Mikono yangu imezoea mbio."

"Mfuate pumzi. Akivuta pumzi, subiri. Akiishusha, nawe shusha mkono. Pumzi ya mtoto huwezi kuitangulia, wala huwezi kuichambua."

Kazija akajaribu. Mara mbili mikono ilimkimbia, mara mbili Bi Mkasi alimgusa bega. Mara ya tatu Salha alipiga miayo, na Kazija alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi mbele za watu.

Alifika nyumbani alasiri imekwisha. Siku hiyo mavuno yalikuwa makubwa, lundo limefika juu ya magoti, na majirani watatu wamekuja kusaidia. Kila mmoja alikuwa na fungu lake. Fungu la Kazija lilikuwa limetengwa tayari, kubwa kuliko yote, kwa kuwa ndiye mashine. Faki alikuwa ameketi ukutani, anasinzia na kuzinduka.

Kazija alimwosha mtoto. Akaja barazani, pale pale mbele ya watu wote, maana chumbani kulikuwa na giza na joto. Akanyoosha miguu, akamlaza Salha, akapasha viganja vyake moto, akavituliza. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza, akamtazama. Kazija akashusha mkono pamoja na pumzi.

Wanawake wakamaliza fungu moja, wakaanza jingine. Kazija alikuwa bado yuko kwenye mguu wa kwanza.

"Wifi," Shumbana akasema, na majirani wakaanza kucheka kabla hajafika mbali, "huyo mtoto au wafinyanga chungu? Malizia basi, fungu lako linaota mizizi."

Siku nyingine Kazija angeinama na kuharakisha. Hata sasa mikono ilimwasha kukimbia. Akatazama fungu lake, akamtazama mkwewe, ambaye alikuwa ameacha kuchambua na anamtazama yeye. Akajua kwamba akiinuka sasa, kesho yuko njiani. Hakuacha kukanda. Alijibu polepole, kwa sauti iliyosikika vizuri kwa sababu hawakuizoea.

"Mkono wa karafuu haulazi mtoto, Wifi."

Jirani mmoja aliirudia sentensi ile chinichini, kama anaionja. Shumbana aliangalia mikono yake mwenyewe, kisha mikono ya Kazija.

Bi Hidaya alijisogeza kwenye jamvi, akanyoosha mikono yote miwili, akalivuta fungu la Kazija, lote, mpaka likaungana na lake. Akachukua kishada, akaendelea na kazi.

Kazija alifika tumboni, akafika kifuani, akafika mgongoni. Jua halijazama bado, Salha alikuwa amelala. Faki pia alikuwa amelala, ukutani pale pale, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumwamsha. Usiku ule mtoto aliamka mara moja tu kunyonya, akalala tena. Ijumaa ikafika, watu wakaswali, wakala wali kwa papa, na safari haikutajwa na yeyote. Jumamosi Faki alipanda mkarafuu wake akiimba. Kuanzia siku hiyo, kila alasiri Bi Hidaya mwenyewe ndiye aliyeweka mafuta juani yapate uvuguvugu, na Kazija akirudi kwenye lundo baada ya mtoto kulala, alizungusha kishada mara moja tu, kama zamani. Mkono ule haukupotea. Alijifunza tu kuuacha mlangoni anapokwenda kwa mwanawe.

Majirani waliyachukua maneno yake wakaenda nayo makwao. Yakasemwa kwa anayekoroga ugali kama anapigana nao, kwa anayemfundisha mtoto kusoma huku amemkunjia uso, hata kwa bwana mmoja aliyeposa Jumatatu na kudai jibu Jumanne.

Bi Raya akaishia hapo, akavaa miwani. Mize alikuwa amefika mwisho wa safu yake. Nyuzi zote mbaya zimetoka, kitambaa hakijachanika, na yeye mwenyewe hakuona ni saa ngapi zimepita. Alitunga uzi mpya, akapiga tundu ya kwanza, akaitazama vizuri kabla ya kwenda ya pili.

Msichana aliyekaa naye akamwinamia. "Harakisha, Mize, sisi tunakuacha."

Mize hakuinua macho.

"Niacheni," akasema. "Mkono wa karafuu haulazi mtoto."