Kiti Kilichomhukumu Mboza

Hapo zamani, na mtu asiniulize mwaka gani, Zumbe mmoja, mtawala wa milimani, alitaka kiti kipya cha hukumu. Desturi ilikuwa gogo lizikwe kwanza kwenye tope la mto, wadudu wafe, ndipo lichongwe.

"Nikae chini kama kuku nikingoja tope?" akafoka Zumbe. "Chonga!"

Mchongaji Shemdoe akachonga. Kiti kikaanza kulia: kri, kri, kri. Shemdoe alijua kuna buu ndani, anatafuna. Akampelekea Zumbe kiti chake hivyohivyo.

Singano, msemaji wa baraza, akatega sikio. "Zumbe, kiti kinanena!"

Basi ikawa kesi inakuja, kiti kinalia, Singano anafasiri. Na ajabu yake, kiti kiliwapenda sana waliomletea Singano mbuzi.

Ikaja kesi ya Mboza, mjane. Shemeji yake alilitaka shamba la marehemu. Shemeji alikuja na beberu. Mboza alikuja na jembe lake tu.

Kri, kri.

"Kiti kinasema shamba ni la shemeji," akafasiri Singano.

"Ndivyo nilivyoamua," akasema Zumbe.

Mboza akaja juu. "Hicho kiti kimewahi kuniona nikilima?"

"Nyamaza, mama. Kiti hakibishiwi!" akafoka Singano.

Hapohapo mguu wa kiti ukatoboka, akatoka mdudu mweusi mwenye madoa ya manjano, pembe ndefu kuliko mwili wake. Hakuna aliyemjua jina. Akapapasa hewa kwa pembe zake kama babu anayetafuta fimbo. Mguu ukakatika. Zumbe chali!

Mboza akacheka mpaka akashika mbavu. "Hakimu huyo katoka! Mwulizeni tena."

Kisha akaacha kucheka. "Najua, desturi inasema hukumu ya kiti haifutwi. Lakini desturi hiyohiyo inasema aliyekiponza kiti kikahukumu vibaya atamlipa aliyeonewa kwa shamba lake mwenyewe. Nipeni shamba, mvua hizo zinakuja."

Shemdoe akaruka: "Mimi niliamriwa!"

Zumbe, bado yuko chini, kashika kiuno: "Mimi nilihukumu kama nilivyofasiriwa!"

Singano: "Nilisema kinalia. Kwani hakikulia?"

Shemeji alikuwa keshaanza kumvuta beberu wake kurudi nyumbani. Mdudu akaruka zake msituni. Yeye hana shamba.

Mboza kasimama palepale, jembe begani. Haya, ninyi mnaocheka, msinizungushe. Je, akalime shamba la nani?