Swala Aliyeogopa Matope

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye masikio?

Ayatege!

Asiye nayo?

Aazime ya punda!

Hapo zamani za kale, nyikani, palikuwa na mwalimu wa kuruka, jina lake Swala. Miguu anayo, shingo anayo, na maringo anayo ya kugawia nyika nzima. Kila asubuhi aliwapanga watoto wa wanyama ukingoni mwa mtaro mpana wenye matope. Majani mabichi yote yalikuwa ng'ambo, na asiyejua kuruka hayali.

Swala alikuwa na sheria moja. "Kwangu haanguki mtu. Atakayeanguka, arudi kwao."

Siku ya kwanza akaruka mtoto Ngiri, tumbo kubwa, miguu mifupi. Tubwi! Matopeni. Wenzake wakacheka mpaka wakalia, na Swala akamfukuza.

Tangu hapo nani tena aruke? Watoto wakajifunza kueleza kuruka. Goti linakunjwaje, wanajua. Kifua kinatangulizwaje, wanajua. Mtaro wenyewe waliutazama kwa mbali.

Kumbe hata Swala hajawahi kuuvuka! Aliyaogopa matope kuliko simba. "Nikianguka mimi, wataniitaje?" alijiuliza.

Mtoto Pundamilia akamwendea. "Shikamoo, Mwalimu. Tuonyeshe basi."

"Marahaba. Leo goti linauma."

Kesho yake akamwomba tena. "Leo upepo umekaa vibaya."

Kesho kutwa akamwomba tena. "Leo nimeshiba mno."

"Goti, upepo, tumbo," sauti ikatoka mtaroni. Alikuwa Ngiri, matope mpaka masikioni, kwani hakurudi kwao hata kidogo. "Ukipona vyote hivyo, Mwalimu, karibu tuanguke." Akaruka tena, akaanguka tena, akaimba:

*Tubwi, nimeanguka,*
*Tubwi, nimeinuka,*
*Matope hayaui,*
*Nitavuka, nitavuka.*

Swala akamwona mtovu wa adabu. Lakini kila alipokwenda zake, watoto walishuka kwa Ngiri. Wakaanguka wote, wakachekana wote, wakaonyeshana pa kukanyaga.

Siku moja nyika ikashika moto. Watoto wakakimbilia mtaroni, wakaruka. Aliyeanguka alivutwa na wenzake, wakafika ng'ambo wote. Huku nyuma akabaki Swala, yeye na moto wake.

"Ruka, Mwalimu!" akaita Ngiri.

Swala akayatazama matope. Akawatazama wanafunzi wake, wamejipanga, wanamkodolea macho.

"Geukeni kwanza," akasema.

Hawakugeuka. Moto nao haukungoja, ukamlamba matakoni. Ndipo Mwalimu akaruka, kama gunia la mihogo. Tubwi! Miguu juu, pembe chini.

Watoto wakacheka, tena sana. Kisha Ngiri akashuka matopeni, akampa mkia aushike.

"Haya, inuka," akamwambia. "Leo ndiyo umeanza shule."

Mpaka leo, mtazameni swala kwa nyuma. Ana mistari myeusi matakoni, alama za siku aliyotaka kuungua kuliko kuchekwa.

Basi jueni: asiyekubali kuonekana akianguka hajifunzi, na kufundisha hawezi. Nanyi mnaocheka huko nyuma, mtaro wenu upo, unawangoja.

Hadithi yangu imefika ng'ambo. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, itupeni matopeni, nitaiokota mwenyewe.