Ncha ya Pili ya Kamba

Mtu mmoja na mkewe walikuwa na kamba. Haikuwa mali yao. Ilikuwa kamba ya usharika, ya katani, ndefu kuliko mteremko wa shamba la kanisa, na ilitundikwa nyuma ya mlango wao kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiitumia. Mume aliitwa Yoramu, mke aliitwa Esnati. Kila mwaka kipupwe kilipokwisha, kabla mvua hazijashuka, waliitungua wakaenda nayo kupima ngwe.

Shamba lile lilianzia barabarani likateremka hadi kijitoni. Kila nyumba ya usharika ililima kipande chake, kirefu na chembamba, toka juu hadi chini. Hiyo ndiyo iliyoitwa ngwe. Mavuno yake hayakuliwa na nyumba iliyoyalima. Yaliletwa kanisani Jumapili ya mavuno, yakawa chakula cha wajane, wagonjwa na wapita njia. Siku ya kupima, Yoramu alisimama juu na ncha moja ya kamba, Esnati akasimama chini na ncha ya pili, wakaivuta mpaka ikanyooka, na watu wakachimba mfereji mdogo kuifuata. Kisha wote wawili walisogea kando, kila mmoja mahali pake, hatua kumi na mbili za Yoramu, ambazo zilikuwa hatua kumi na nne za Esnati, wakavuta tena.

Katikati ya mteremko ardhi ilivimba, ikafanya mgongo kutoka upande mmoja wa shamba hadi wa pili. Aliyesimama barabarani hakumwona aliyesimama kijitoni. Kamba ilikwama pale mgongoni, kwenye visiki na mawe, na haikutoka ila ilipotikiswa kutoka ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Watu waliwauliza wanajuaje wakati wa kutikisa, ilhali hawaonani. Esnati alicheka tu. Yoramu alisema mkono humwambia. Kwa hiyo watani wao walisema hawa wawili walifungishwa ndoa kwa kamba, pete waliongezewa baadaye.

Walipima hivyo kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo hapakuwa na ugomvi wa mipaka.

Mwaka wa ishirini na saba Esnati aliugua, akafariki mwezi wa Agosti, baada ya mavuno kuingizwa ghalani. Usharika ulimzika vizuri. Walikaa matanga na Yoramu, wakamchotea maji, wakampikia, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyeweza kusema kwamba walimwacha. Binti yao Sela, aliyeolewa mbali, aliporudi kwa mumewe aliondoka na moyo mtulivu, kwa kuwa alimwona baba yake amezungukwa na watu.

Mwezi wa Oktoba wazee wa kanisa walikuja nyumbani kwake watatu. Msemaji wao alikuwa Mzee Obedi, ambaye ngwe yake, ya kumi na tatu, ilipakana na ya Yoramu.

"Baba Sela," alisema, "msalaba ulioubeba unatosha. Mwaka huu pumzika. Ngwe yako tutailima sisi. Na kamba tutaitunza stoo, usipate shida."

Yoramu alitazama chini, akasema, "Asanteni, wazee wangu." Aliitungua kamba mwenyewe, akawakabidhi. Msumari ukabaki nyuma ya mlango, mtupu.

Mwaka ule ngwe zilipimwa na Mzee Obedi pamoja na mkewe, wakagombana kutoka ngwe ya kwanza hadi ya tisa, na nyingine zikakisiwa kwa macho. Yoramu aliwasikia toka uani kwake. Alisikia pia majembe, na nyimbo za kulimia, na baadaye, wakati wa palizi, vicheko vya wanawake. Kila asubuhi alisimama mahali pale pale penye uwazi kati ya migomba, akaitazama ngwe yake, ya kumi na nne, ikilimwa na watu wema. Hakuwa mgonjwa. Mikono yake ilikuwa na nguvu ile ile. Lakini nani atakataa huruma mbele ya watu? Na mfiwa anayekimbilia jembe husemwa kwamba machozi yake yalikuwa mepesi. Kwa hiyo alinyamaza.

Wiki ya mavuno ilipofika, aliteremka kanisani kama wengine. Ni wiki ya kazi nyingi: kufagia, kufunga mabua ya mahindi kwenye nguzo, kupanga maboga mbele ya madhabahu, kukoboa mahindi ya makande yatakayopikwa uani kwa usharika mzima. Yoramu alishika ufagio. Mama Lwiza, mwenye ngwe ya kumi na tano, alimnyang'anya.

"Wewe baba, hebu kaa. Tukuache ufagie, Esnati atatuonaje huko aliko?"

Akaenda kwenye mabua. Wakayapokea mikononi mwake. Akainama kuinua gogo la kuni. Wanaume wawili wakaliinua kabla hajalishika. Mwishowe mtu alitoa kiti ofisini kwa mchungaji, kiti kizuri chenye mto, akakiweka kivulini, na Yoramu akakikalia. Aliketi pale siku tatu. Kila aliyepita alimpa pole na kikombe cha chai. Akawa mgeni wa heshima katika nyumba ambayo matofali yake aliyafyatua kwa mikono yake.

Jumapili, mwinjilisti alisimama na kuita nyumba kwa namba za ngwe zao. Ilikuwa desturi: namba, kisha jina, kisha wenye nyumba wanapita katikati ya kanisa na kikapu chao hadi mbele. Moja, mbili, tatu. Kwaya iliimba taratibu. Kumi na mbili. Kumi na tatu, nyumba ya Obedi. Miguu ya Yoramu ilikuwa imeshasogea chini ya benchi.

"Kumi na tano," mwinjilisti alisema. "Nyumba ya Mama Lwiza."

Hapakuwa na ubaya wowote. Mahindi ya ngwe ya kumi na nne yalikuwapo. Yalikwisha kumwagwa kwenye lundo la wote, bila jina, kwa kuwa yalilimwa na wote. Yoramu alirudisha miguu yake mahali pake. Alipokuwa na Esnati walibeba kikapu kimoja, kila mtu na mkono wake wa kikapu, na kabla ya kuinuka Esnati alikuwa akimgusa kiwiko. Sasa Yoramu alikaa akakisikilizia kiwiko chake mpaka ibada ikaisha.

Baada ya ibada wajane waligawiwa mahindi, wagonjwa wakagawiwa, na Yoramu akaletewa debe lake. Alilibeba hadi nyumbani, akaliweka chini ya ule msumari mtupu, hakulifungua.

Oktoba ulipoingia, alikata katani kando ya shamba lake, akaichuna, akaianika, akasokota kamba. Ilimchukua wiki mbili. Mwishoni mwa Oktoba, siku moja kabla ya siku ya kupima, alishuka peke yake kwenye shamba la kanisa apime mpaka wa ngwe yake.

Alikita kijiti kijitoni, akafunga ncha moja, akapanda hadi barabarani na ncha nyingine, akavuta. Kijiti kiling'oka. Alishuka akakikita tena, akakishindilia mawe, akapanda, akavuta, kikakaa. Lakini kamba ilikuwa imekwama mgongoni. Aliitikisa. Wimbi lilikwenda hadi kwenye mgongo likafia pale, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na mkono. Alishuka akaikwamua, akapanda, ikakwama mahali pengine. Mara sita alipanda na kushuka. Kisha alisimama juu, ameshika kamba iliyokaza, na kamba ile haikumwambia kitu. Haikuwa na mapigo. Ilikuwa imefungwa tu.

Akasema moyoni kwamba inatosha, akachimba mfereji kuifuata.

Kesho yake asubuhi watu walipofika na majembe waliona mfereji mbichi umeteremka kutoka barabarani, ukapinda kwenye mgongo, ukaingia ndani ya ngwe ya kumi na tatu hatua tatu nzima, ndipo ukaenda kijitoni.

"Huu mpaka au njia ya ng'ombe?" aliuliza mmoja, na watu wakacheka.

"Huyu kapima amelewa," akasema mwingine.

Mama Lwiza hakucheka. Alikuwa amemwona Yoramu amekaa ukingoni mwa barabara, kamba imeviringwa miguuni pake. Alimgusa Mzee Obedi bega, akamwonyesha kwa kidevu.

Obedi alipanda taratibu. Alikuwa mtu wa haki, na hatua tatu za ngwe yake zilikuwa zimeliwa. Lakini lililomuuma zaidi ni kwamba alidhani wema wake umetupwa.

"Baba Sela," alisema, "si tulikuambia upumzike, ndugu yangu? Mwaka mzima tumekulimia. Tumekupa kiti. Kuna kitu tulichokupunguzia?"

Yoramu alisimama, maana hakutaka kumjibu mzee akiwa amekaa.

"Mlinitua mzigo, Mzee Obedi, nami nilishukuru," alisema. "Lakini ule mzigo ndio uliokuwa unanileta kwenu."

Obedi alikuwa amejiandaa kwa lawama, na majibu ya lawama alikuwa nayo. Hii haikuwa lawama. Aliutazama mfereji uliopinda, akautazama mgongo wa ardhi, na pengine ndipo alipoelewa mtu mmoja hupanda na kushuka mara ngapi ili kuchora mstari mbaya kama ule. Aliinama, akaokota ncha ya kamba miguuni pa Yoramu, akaanza kuteremka nayo. Aliteremka kwa uangalifu kwa sababu ya magoti yake. Alipouvuka mgongo hakuonekana tena.

Yoramu alisimama na ncha yake. Kamba ililala ardhini, imelegea. Kisha ikasogea. Ikainuka kidogo kidogo kutoka majanini, ikakaza, na mkononi mwake akasikia mtu.

Kwa muda wa pumzi moja hakujua ni nani. Alijua, lakini mkono wake haukujua. Mkono wake ulingoja sauti moja toka ng'ambo ya mgongo, sauti ambayo kwa miaka ishirini na sita ilimwambia, "Vuta, Baba Sela, imelala." Alingoja. Upepo ulipita juu ya shamba. Mvutano ule haukuwa wa Esnati. Ulikuwa mzito, wa kushtukiza, wa mtu asiyezoea. Lakini kamba ilikuwa na mapigo. Ilipokwama kwenye visiki aliitikisa, na wimbi lake likakutana mgongoni na wimbi jingine, lililochelewa kidogo, na kamba ikaruka ikatoka.

"Nisogee hatua ngapi?" Obedi aliita toka chini.

Yoramu alifuta uso kwa kiganja kabla ya kujibu. "Zangu ni kumi na mbili. Zako sizijui."

"Hata mimi sizijui."

Basi ikawa lazima wazitafute. Walijaribu kumi na nne, mstari ukaenda mrama. Walijaribu kumi na mbili, ukaenda mrama upande mwingine. Mama Lwiza aliwaambia wakimaliza hesabu zao mvua itakuwa imeshawanyeshea. Mwishowe walipata: kumi na mbili za Yoramu ni kumi na tatu za Obedi. Kwa hesabu hiyo walipima shamba zima, toka ngwe ya kwanza hadi ya mwisho. Ule mfereji uliopinda watu walitaka kuufukia, Obedi akakataa. Alisema mahindi hayajali, na yeye hatua tatu hazitamuua.

Jumapili ya mavuno ya mwaka uliofuata, kile kiti chenye mto kilitolewa tena kivulini kwa mazoea. Hakuna aliyekikalia, na Mama Lwiza alitua juu yake sufuria ya makande. Ndani ya kanisa mwinjilisti alisoma hadi kumi na tatu, kisha akasoma kumi na nne. Yoramu aliinuka na kikapu. Kilikuwa kikapu cha mikono miwili, naye alikuwa mmoja, kwa hiyo kiliinama upande. Hakuna aliyekimbia kumpokea. Walimwacha apite nacho hivyo hivyo, kimeinama, hadi mbele.

Ndugu zangu, waliofiwa wa usharika wenu mmewapa viti, na viti ni vizuri. Ncha ya pili ya kamba zao mmemwachia nani?