Fisi Apima Maji ya Bwawa

Mwaka ule mvua ilikata mguu kabisa. Mito ikakauka, majani yakawa vumbi, na wanyama wote wakahamia kwenye bwawa la Mfalme Simba, maana ndilo pekee lililosalia na maji.

Juu ya bwawa hilo, kando ya kijito cha chemchemi kinacholijaza, Fisi alikuwa na kiwanda cha kulainisha ngozi. Aliziroweka ngozi kwenye dawa kali, kisha masalia ya dawa akayamwaga kijitoni. Maji yake ya kunywa aliyateka juu zaidi, chemchemini, mahali alipopazungushia miiba asipite mwingine. "Mlafi ni mlafi," alijiambia, "lakini mjinga si mimi."

Haukupita muda samaki wakaanza kuelea matumbo juu. Bi Chura akaja barazani akilia.

"Mfalme, wanangu wamezaliwa na miguu mitano mitano! Mmoja hana macho. Maji yana sumu!"

"Simba hatawali bwawa lenye sumu," Mfalme alinguruma. "Hata hivyo, iundwe tume ichunguze."

Fisi aliruka mbele kabla mwingine hajafumbua mdomo. "Nitaiongoza mimi, Mtukufu. Pua ninayo, na uzalendo ninao."

Tume ikakaa kivulini, ikatafuna mifupa ya serikali mpaka ikaisha. Ndipo Fisi akasimama kusoma matokeo.

"Maji ni salama. Samaki wamekufa kwa uzembe wa kuogelea. Na mguu wa tano, Bi Chura, ni maendeleo. Ushukuru."

Simba akatabasamu, basi wote wakapiga makofi. Bi Chura aliinama asionekane machozi. Fisi alijiona amekuwa mkubwa kama tembo.

Sungura akanyanyuka taratibu. "Hongera, Mheshimiwa Mwenyekiti. Kwa kuwa samaki ni salama, naomba Mfalme akuzawadie samaki hao wote. Tumekuchomea mmoja uonje."

Akaletwa kambale mnene, mafuta yakimchuruzika. Fisi alirudi nyuma. "Asante, nimeshiba."

"Fisi ameshiba?" Simba aliuliza, macho yamemtoka. "Tangu lini?"

Akili ilimwambia Fisi kimbia; pua ikamwambia kaa. Harufu ile! Pengine moto umeua sumu, aliwaza. Tonge moja tu. Akamega. Akamega tena. Kufumba na kufumbua, kambale amebaki miiba, na Fisi anauliza kama kuna mwingine.

Tumbo likamjibu. Lilinguruma, likamsokota, likamwangusha chini akigaagaa.

"Maji! Nipeni maji!"

Sungura akampa kibuyu. "Haya, ya bwawani, uliyoyapima mwenyewe."

"Si hayo!" Fisi alipiga yowe. "Ya chemchemi! Hayo yana dawa yangu ya ngozi!"

Hakuna aliyepiga makofi.

"Nilijua tangu mwanzo," Simba alisema, akiangalia pembeni.

Siku hiyohiyo kiwanda kikavunjwa, na miiba ya chemchemini ikaondolewa ili wote wanywe. Fisi alipopona alihukumiwa kuzoa tope la bwawa kwa mikono yake, nalo lilimbabua ngozi mpaka akawa na mabaka. Bwawa lilichukua miaka mingi kutakata, na Bi Chura hakuwahi kurudi kutaga humo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.